Nairobi hadi Namboole: safari ya kuisubiri nusu fainali ya Simbas

Haya nimeyaandika nikiwa nimerudi Nairobi, kwa kufuata kijitabu changu na picha za simu, ambazo nyingi ni za barabara na sahani za chakula. Anayetafuta uchambuzi wa mechi hatapata mengi hapa. Nilichotaka kukihifadhi ni kule kuisubiri: Simbas, yaani timu ya taifa ya raga ya Kenya, dhidi ya Zimbabwe, nusu fainali ya Kombe la Afrika la raga, Uwanja wa Mandela pale Namboole, karibu na Kampala, Uganda, Jumapili tarehe 13 Julai 2025.

Kwa asiyefuatilia raga ya wachezaji kumi na watano, uzito wa mechi ulikuwa huu. Kombe la Dunia la 2027 kule Australia litakuwa na timu 24, nne zaidi ya zile zilizocheza Ufaransa 2023. Afrika Kusini walikuwa wamekwisha kufuzu. Bingwa wa Kombe la Afrika alikuwa anaingia moja kwa moja, na wa pili anabaki na njia ndefu ya mchujo. Anayeshindwa nusu fainali hana chake tena hadi safari ya 2031. Sisi Wakenya tunajulikana kwa raga ya wachezaji saba. Tulitwaa mashindano ya Singapore mwaka 2016 na dunia nzima ikatupigia makofi. Kombe la Dunia la wachezaji kumi na watano hatujawahi kulitia mguu. Mwaka 2014 tulikaribia kiasi cha kuumiza: kule Antananarivo Simbas waliwalaza Namibia 29-22, wakabakiwa na Zimbabwe, wakapigwa 28-10, na Namibia ndio waliokwenda Uingereza mwaka uliofuata. Mwaka 2022 tulifika fainali iliyochezewa Ufaransa, Namibia wakatufunga 36-0. Sasa mbele yetu walikuwa Zimbabwe tena.

Alhamisi, 10 Julai: Nairobi hadi Timboroa

Wiki ilianza vibaya kwa msafiri yeyote. Jumatatu ilikuwa Saba Saba, siku ya maandamano kwetu, polisi wakafunga barabara kuu za kuingia katikati ya jiji, na matatu hazikuonekana. Robo fainali dhidi ya Uganda, ambayo nilikuwa nimeipangia safari, nikaishia kuifuatilia kwenye simu: Kenya 32, Uganda 24. Mpira ulipokwisha niliandika kwenye kijitabu neno moja, "Naenda."

Nauli ya basi la usiku hadi Kampala ilikuwa Sh3,000. Tuliambiwa saa moja jioni, tukaondoka saa mbili na nusu. Jirani yangu wa kiti alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mtu mzima, akienda Malaba kulichukua gari lake ambalo mwenzake alikuwa ameliacha kwenye foleni. Aliiona jezi yangu nyekundu akauliza kama ni ya Manchester. Nikamwambia ni ya Simbas. Kuanzia Kinungi hadi Nakuru nilimweleza mchezo wote: kwamba mpira wa mkono haurushwi mbele, kwamba trai ni alama tano na mkwaju wake mbili, kwamba penalti ikipigwa katikati ya milingoti ni tatu. Alisikiliza kimya kisha akasema, "Kumbe mnasonga mbele kwa kurudisha nyuma. Huo mchezo unataka watu wanaoaminiana." Sijawahi kusikia mtu akiuelewa mchezo huu haraka hivyo.

Baada ya Timboroa injini ilianza kupiga kelele, kisha basi likasimama. Mkanda ulikuwa umekatika na wa akiba haukuwapo. Wanaoijua sehemu hiyo wanajua baridi yake: uko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai upepo hauna huruma. Kondakta alipiga simu Eldoret kuagiza mkanda mwingine. Tukashuka, tukasimama kando ya barabara tukiyatazama malori yakipanda mlima taratibu.

Kulikuwa na kibanda upande wa pili, kimefungwa. Dereva wa lori alikwenda akabisha, akaita, "Mama, shikamoo, tuna watoto hapa wanatetemeka." Mama akafungua. Akawasha jiko, akaweka sufuria kubwa, na ndani ya nusu saa abiria wote walikuwa na chai ya maziwa mkononi. Wenye pesa tulilipa Sh30 kwa kikombe. Msichana mmoja mwanafunzi aliyekuwa na mtoto mgongoni hakutozwa kitu. Mama alimwingiza ndani akamlaza mtoto kitandani kwake mpaka mkanda ulipofika. Ilikuwa yapata saa nane za usiku. Nilimshukuru mama akajibu kwamba mwanawe anasoma Kampala, naye pia husafiri usiku.

Kwa watakaopita njia hii: beba koti zito hata kama unakokwenda kuna joto, na liweke juu ya kiti, lisikae kwenye buti la basi. Ukiweza, safiri na basi la asubuhi. Nauli hailingani sana, lakini barabara ya Nakuru hadi Mau Summit usiku, na malori yanavyopitana, si ya kutamani.

Ijumaa, 11 Julai: Malaba, Jinja, Kireka

Eldoret, Webuye na Bungoma nilizipita nimelala. Nilipoamka jua lilikuwa limechomoza na tulikuwa tumeanza kuyapita malori yaliyopanga mstari kuelekea mpakani, moja nyuma ya jingine, ya Kampala, ya Kigali, ya Juba. Dereva mwenzangu alishuka kabla ya kituo. Aliniomba nimtumie matokeo Jumapili, akaniandikia namba yake kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu.

Malaba mambo ni mepesi siku hizi. Kituo ni kimoja, unagonga muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo lilelile. Mkenya anapita kwa kitambulisho cha taifa na kupewa kibali cha karatasi. Kitunze, utaulizwa ukirudi. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Sisi tulikaguliwa, na jamaa wawili ambao hawakuwa nayo walicheleweshwa hadi basi zima likaanza kunung'unika. Kuhusu pesa: shilingi yetu ilikuwa inakaribia 28 za Uganda, na wabadilishaji wa mpakani wakanipa 27. Badilisha za kula na za boda tu, zilizobaki utazibadilisha mjini.

Ndani ya Uganda barabara inapita Bugiri na Iganga katikati ya mashamba ya miwa na mpunga. Hapo hakuna la kusimulia zaidi ya joto. Jinja ndipo watu walipoamka wote, kwa sababu ya daraja jipya la Mto Nile lenye zile nyaya ndefu. Kisha msitu wa Mabira, kisha Namawojjolo, ambako basi lilipopunguza mwendo vijana waliovaa makoti ya rangi walikimbia na mishikaki ya kuku, maini na gonja, zile ndizi tamu, za kuchoma wakaziinua hadi madirishani. Nilinunua paja la kuku na gonja mbili kwa Sh10,000 za Uganda. Ile gonja ilikuwa tamu, imeiva, imeungua kidogo pembeni, na bado moto. Mwenye kwenda asipite bila kuila.

Jambo moja la kukumbuka kwa shabiki yeyote anayekwenda Namboole kutoka Kenya: uwanja uko upande wa mashariki, kwenye barabara hiihii ya Jinja. Basi linaupita kabla ya kuingia Kampala. Mwambie kondakta akushushe Bweyogerere au Kireka, utakuwa umeokoa saa nzima ya foleni na nauli ya kurudi nyuma. Nilishuka Kireka saa kumi jioni. Chumba safi chenye bafu ndani kilikuwa Sh60,000 za Uganda kwa usiku, na kutoka dirishani mwa ngazi niliziona taa za uwanja.

Sikulala. Tarehe ilikuwa 11 Julai, na kuna mahali nilitaka kufika kabla ya giza. Nilipanda taksi, yaani matatu ya kwao, hadi Lugogo kwa Sh2,000, nikaenda Kyadondo, nyumbani kwa klabu ya raga ya Heathens. Usiku wa tarehe hiyo mwaka 2010 watu walikuwa wamejaa kwenye uwanja ule wakitazama fainali ya Kombe la Dunia la kandanda kwenye skrini kubwa, mabomu yakalipuka. Mlipuko mwingine ulikuwa kwenye mkahawa wa Kiethiopia kule Kabalagala. Kwa pamoja zaidi ya watu sabini walikufa. Walikuwa mashabiki, wamekwenda kutazama mpira, kama mimi.

Kuna mnara wa kumbukumbu. Askari wa langoni aliposikia nimetoka Nairobi alinipeleka hadi hapo mwenyewe, akavua kofia, akasimama nami. Kisha akaniambia niende nikawaone vijana, kwa sababu upande wa pili wa nyasi watoto walikuwa wakifanya mazoezi, wadogo kweli, mpira unawazidi kifua. Kocha wao alikuwa akipiga kelele, "Chini! Nenda chini!" Nilikaa hapo mpaka walipomaliza. Kati ya mambo yote ya safari hii, hilo ndilo ninalotaka wasomaji wangu walifanye wakifika Kampala.

Jumamosi, 12 Julai: Kireka

Siku ya kusubiri. Asubuhi nilikula rolex ya Sh3,000, chapati iliyoviringishiwa mayai mawili, kabichi na nyanya, nikazunguka mtaani na jezi yangu ili nione nitapokewaje. Sisi ndio tulikuwa tumewatoa wenyeji mashindanoni siku chache tu kabla. Nilitegemea maneno. Mwendesha boda wa kwanza aliponiona alisimama akasema, "Bosi, mmetufunga. Sasa mkishindwa kesho mtakuwa mmetuaibisha na sisi." Wa pili akasema hivyohivyo. Muuza matunda aliniongezea embe bure, akasema ni la kunipa nguvu ya kupiga kelele. Kenya na Uganda tumegombania Kombe la Elgon kwa miaka mingi, tunatukanana kila mwaka, lakini mbele ya Zimbabwe ghafla tulikuwa nyumba moja.

Mchana rafiki yangu Mganda alikuja na tiketi. Alikuwa amezinunua mapema za kwake, za mkewe na yangu, na akakataa katakata kurudishiwa pesa. Tulikula kwa mama mmoja karibu na kituo cha taksi: matoke, mchuzi wa karanga, samaki, na boga pembeni, Sh12,000 kwa sahani ambayo ingeshibisha wawili. Mkewe ndiye mtaalamu wa raga katika nyumba ile. Aliwahi kucheza akiwa chuoni. Alituchambulia hali ilivyo bila kupamba. Zimbabwe ndio mabingwa watetezi, walitwaa kombe 2024 katika uwanja huuhuu kwa kuwafunga Algeria 29-3, na njiani waliwatoa Namibia, jambo ambalo watu walikuwa wameacha kulitarajia. Robo fainali ya mwaka huu waliwapiga Morocco 43-8. "Ninyi mlihangaika na sisi," alisema, "na sisi si Zimbabwe." Hakuna aliyembishia. Lakini alimaliza kwa kusema kwamba mechi ya mtoano haijali nani aliyecheza vizuri wiki iliyopita, na mimi neno hilo nikalishika hadi usiku.

Jioni nilikutana na Wazimbabwe wenyewe. Walikuwa kikundi kidogo kwenye baraza la nyumba ya wageni, jezi za kijani, bendera imetandazwa mezani. Nilipita nikawasalimu, wakavuta kiti. Mkubwa wao alikuwa mzee mwenye mvi aliyetoka Harare. Aliniambia kwamba Zimbabwe walipocheza Kombe la Dunia 1991 alikuwa kijana anayeanza kazi. Walifungwa mechi zote, na Ireland, na Scotland, na Japani, tena kwa alama nyingi, na yeye anazikumbuka zote hadi leo. Tangu hapo, kila baada ya miaka minne, alikuwa akiketi kuwatazama Namibia wakienda. Namibia walikwenda mara saba mfululizo, kuanzia 1999.

Nilimwambia kuhusu Antananarivo. Alikumbuka. Alisema siku hiyo walitufunga sisi, na bado Namibia ndiye aliyefuzu, kwa hiyo tulilia wote wawili. Tukakaa tukizungumza mpaka saa nne, kila mmoja akijua kwamba kesho jioni mmoja wetu atakuwa amefungiwa mlango tena. Nadhani ndiyo maana hakuna aliyejigamba. Aliniuliza kama tunamwamini kocha wetu, Jerome Paarwater. Nikasema ndiyo. Nikamuuliza kuhusu wake, Piet Benade, na nahodha Hilton Mudariki. Akasema, "Hawa ndio watakaotupeleka. Kama si hawa, mimi sitaona tena."

Nilirudi chumbani usingizi umenitoka. Nilifungua dirisha nikasikia muziki wa baa za Kireka na, juu yake, mtu mmoja kwa mbali akipuliza vuvuzela peke yake.

Jumapili, 13 Julai: Namboole

Asubuhi kanisa lililo karibu na nyumba ya wageni lilijaa hadi nje. Niliingia nikasimama nyuma. Mchungaji alitaja wageni wa raga na kuwaombea wachezaji wote wasiumie.

Tulipanda kilima kwa miguu. Boda kutoka Kireka ilikuwa Sh2,000, lakini siku ya mechi kutembea kunakwenda haraka zaidi, na ndiyo sehemu bora ya siku. Wakenya walikuwa wametoka kila upande: waliofika na mabasi usiku uleule, wanafunzi wanaosoma Kampala na Mukono, familia moja ya Kisumu iliyokuja na gari lao na sufuria ya pilau ndani ya buti. Walitupakulia. Sikuwajua, hawakuniuliza jina. Langoni ukaguzi ni wa makini, foleni mbili, mikono juu, kwa hiyo usiende na begi kubwa na usifike dakika za mwisho. Uwanja wenyewe ni mpana, una njia ya riadha kuzunguka nyasi, na ukikaa chini sana huoni vizuri upande wa pili. Panda juu, karibu na mstari wa kati. Wafanyakazi walikuwa bado wanapaka rangi sehemu fulani kwa ajili ya CHAN, yale mashindano ya kandanda ya Afrika, ya Agosti.

Saa ile ya mwisho kabla ya mechi sitaisahau. Simbas walitoka kupasha misuli na upande wetu ukasimama wote. Mtu mmoja mbele yangu, mzee wa makamo aliyevaa koti la klabu ya Nairobi lililochakaa mikono, hakupiga kelele hata mara moja. Alikuwa anahesabu mikwaju ya mazoezi ya mpigaji wetu kwa vidole. Ikiingia anakunja kidole, ikikosa anatikisa kichwa. Mke wa rafiki yangu alinionyesha jinsi Zimbabwe walivyokuwa wakirudia mpira wa mstari, ule unaorushwa kutoka pembeni, kwa njia ileile tena na tena, warukaji wawili, wa tatu nyuma. "Angalia hapo," alisema, "wakipewa hiyo karibu na lango lenu, mtaumia." Rafiki yangu alikuwa na bendera mbili, ya Uganda begani na ya Kenya mkononi.

Wimbo wetu wa taifa ulipoanza, Waganda waliotuzunguka walisimama nasi, na wengi wao waliujua.

Tulifungwa 29-23. Kwa hesabu ya raga hizo ni alama sita, na trai moja yenye mkwaju wake ni saba. Ningeweza kueleza dakika kwa dakika, lakini picha zimo mitandaoni na mimi muda mwingi nilikuwa nimeushika mkono wa mtu nisiyemjua. Vijana wetu hawakuzidiwa. Nalisema hili kwa wanaosema Simbas wamekwisha: timu iliyoachwa kwa alama sita na mabingwa watetezi, katika mechi yenye Kombe la Dunia ndani yake, inastahili kambi ndefu zaidi, mechi nyingi zaidi za majaribio nje ya nchi, na wachezaji wanaolipwa kwa wakati. Tukingoja mpaka mwaka wa kufuzu ndipo tukusanye kikosi, tutaendelea kuhesabu alama sita.

Yule mzee wa mvi nilimwona kwenye ngazi wakati wa kushuka. Alikuwa analia. Aliponiona alinikumbatia bila neno, bendera yake ikatufunika sote wawili, na vijana wake wakanishika mabega. Tukapeana namba.

Dereva wa lori nilimtumia matokeo nikiwa bado langoni. Alijibu akiwa njiani kuelekea Juba: "Pole. Waliaminiana?" Nikamjibu ndiyo, waliaminiana.

Jumatatu, 14 Julai na baadaye

Basi la kurudi nililisubiri Bweyogerere saa mbili asubuhi, likaja saa nne. Niliingia Nairobi usiku wa manane, na hakukuwa na la kusimulia njiani isipokuwa kwamba Timboroa tulipita vizuri na kile kibanda kilikuwa na taa.

Kwa anayepanga safari kama hii: nauli ya kwenda na kurudi, chumba cha usiku tatu, chakula na usafiri wa ndani vilinigharimu karibu Sh17,000 za Kenya, bila tiketi. Mkilala wawili chumba kimoja itapungua sana. Weka chumba mapema ikiwa mechi inaihusu Kenya au Uganda, maana Jumamosi jioni Kireka yote ilikuwa imejaa.

Fainali, Jumamosi tarehe 19, niliitazama nyumbani. Zimbabwe 30, Namibia 28. Wanarudi Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1991. Nilimpigia mzee simu haikupokelewa, nikamwandikia hongera. Ujumbe wake ulifika siku ya pili asubuhi: alikuwa ameshauliza nauli ya ndege ya Australia, na alitaka kujua kama kutoka Harare ni nafuu kupitia Johannesburg au kupitia Nairobi. Nimeanza kumtafutia.